Wiki ya 41, kila mtu na hesabu yake

Barua hii ilinifikia Jumanne saa nane mchana. Haikuwa barua ya kungoja zamu yake, kwa hiyo nilimpigia mwandishi saa hiyohiyo, tukazungumza, akaondoka nyumbani. Jibu refu nilimwandikia baadaye ili alisome njiani na kule wodini. Ameniruhusu kuchapa yote mawili, majina tumeyaondoa.

*

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa Igombe, hapa Mwanza. Nina miaka 23 na hii ndiyo mimba yangu ya kwanza. Kwenye kadi ya kliniki nesi aliandika kwamba nitajifungua tarehe 17 Machi. Leo ni tarehe 25 na uchungu haujaanza. Jioni tumbo linakaza, kisha linaachia, basi. Kila nikifungua mlango kuna mtu ananiuliza, "Bado tu?" Nimefika mahali nachota maji usiku ili nisikutane na watu.

Kliniki nilianza mimba ikiwa na miezi mitano, kwa hiyo ultrasaundi ya mwanzo sikupiga. Nilipiga mwezi wa pili mwaka huu, na karatasi yake inasema nitajifungua tarehe 3 Aprili. Sasa sijui nishike ipi.

Mama mkwe wangu, ambaye namwita mayu, amekuja kutoka Magu kunisaidia. Yeye hahesabu kwa kalenda, anahesabu mbalamwezi kama wavuvi wa dagaa. Anasema mwanawe alirudi kutoka dago, yaani kambi ya wavuvi, mwezi ukiwa mpevu, na tangu hapo zimepita mbalamwezi tisa, ya tisa ilikuwa katikati ya mwezi huu. Kwa hiyo mtoto amepitiliza. Amenichemshia mizizi, iko kwenye sufuria jikoni. Nikinywa kikombe jioni na kikombe alfajiri, anasema, kesho nitakuwa nimejifungua. Mwenyewe aliinywa kwa watoto wake wote saba. Mayu ananipenda, Shangazi, na sitaki kumvunjia heshima.

Linaloniliza ni wifi yangu. Alichukua kadi yangu akaisoma. Imeandikwa kwamba siku ya kwanza ya hedhi yangu ya mwisho ilikuwa tarehe 10 Juni. Kaka yake alikuwa dago, upande wa kisiwa cha Goziba, na alirudi tarehe 22 Juni. Wifi akasema mbele ya watu kwamba mimba ilianza tarehe 10 na kaka yake karudi tarehe 22, ndiyo maana mtoto hatoki, anasubiri mama yake ataje. Sijawahi kutoka nje ya ndoa yangu. Mume wangu hajasema neno, ila juzi jioni, kabla ya kwenda ziwani, aliishika ile kadi, akaitazama muda mrefu, akairudisha palepale.

Siku zangu huja kila baada ya wiki tano, tangu nilipovunja ungo. Sijui kama hilo lina maana.

Zahanati waliniambia nikifikisha wiki 41 niende hospitali kubwa, huenda nikaanzishiwa uchungu. Naogopa. Wanawake wa hapa wanasema dripu ya uchungu mwisho wake ni kisu. Rafiki yangu anasema kuna vidonge duka la dawa, ninunue niweke mwenyewe nyumbani. Mtoto anacheza, ingawa jana na leo naona kama amepunguza.

Ninywe dawa ya mayu? Nisubiri tarehe 3? Au niungame jambo ambalo sikulifanya?

Msomaji wako, Igombe

*

Marahaba, mwanangu.

Natumaini unasoma haya ukiwa kwenye benchi la hospitali. Nilikupigia kwa sababu ya maneno machache uliyoyaweka karibu na mwisho wa barua: mtoto amepunguza kucheza. Hayo yalistahili kuwa mstari wa kwanza. Ungeniandikia hayo peke yake, bila wifi, bila mizizi, bila tarehe, jibu langu lingekuwa lilelile: nenda sasa hivi.

Miaka yote niliyokaa wodi ya wazazi nimesikia mama wakisema, "Ametulia, anajiandaa kutoka." Si kweli. Mtoto mzima hucheza hadi uchungu unapoanza, na hata uchungu ukiwa umeanza huendelea kucheza. Karibu na kujifungua nafasi imebana, kwa hiyo mateke yanaweza kugeuka kuwa kusukuma na kujigeuza, lakini hayapungui. Wengine watakwambia ulale ubavu wa kushoto uhesabu, akifikisha mara kumi ndani ya saa mbili uko salama. Hesabu hiyo inamfaa mama mwenye wasiwasi tu. Wewe tofauti umeshaiona siku mbili mfululizo, na ujauzito wako uko wiki ya 41. Anayehitajika sasa ni mtu wa kusikiliza mapigo ya moyo ya mtoto. Ukifika mapokezi sema hilo kwanza, kwa sauti, kabla hujasema kwamba tarehe imepita.

Sasa tuje kwenye kadi, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. Nitaandika taratibu, ili na mwingine akisoma aelewe.

Tarehe 10 Juni siyo siku uliyopata mimba. Ni siku uliyoanza hedhi, na mwanamke aliye kwenye hedhi hajabeba mimba hiyo bado. Wauguzi duniani kote huanza kuhesabu kutoka hapo kwa sababu moja tu: ni siku ambayo mwanamke anaiona na kuikumbuka. Siku ya kutunga mimba hakuna anayeiona. Wanachukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wanaongeza siku saba, wanarudisha nyuma miezi mitatu. Tarehe 10 ukiongeza saba ni 17, Juni ukirudisha miezi mitatu ni Machi. Ndivyo ilivyopatikana tarehe 17 Machi, na hapo kati kuna siku 280, yaani wiki 40. Katika wiki hizo 40, mbili za kwanza tumbo linakuwa tupu kabisa. Kila mwanamke mwenye kadi ya kliniki, akiwemo wifi yako siku akibeba mimba, kadi yake itaonyesha mimba imeanza kabla haijaanza.

Na kwako ni zaidi ya wiki mbili. Umesema siku zako huja kila baada ya wiki tano. Hilo lina maana kubwa. Kanuni ile ya kuongeza saba imetengenezwa kwa mwanamke anayepata siku zake kila baada ya siku 28. Yai hutoka karibu siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, siyo siku 14 baada ya iliyopita. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28 yote mawili huangukia siku moja. Kwa mwenye siku 35 yai huchelewa wiki nzima. Hedhi yako ilianza tarehe 10 Juni, yai lako lilitoka karibu na tarehe 1 Julai. Mumeo alikuwa amesharudi siku tisa kabla. Kadi hiyohiyo iliyotumiwa kukusingizia ndiyo inayokutetea.

Wala hakuna cha kuungama, na hata kama kingekuwepo, kisingefungua mlango wa kizazi. Nimeona mabinti wakibanwa na ndugu wataje majina huku uchungu umekwama, wanalia, wanataja hata watu ambao hawajawahi kuwagusa, ili tu waachwe. Kilichokuwa kimekwama ni kichwa kilichokaa vibaya, au nyonga nyembamba, au mji wa mimba uliochoka. Muda uliopotea kwenye kuungama ulikuwa muda wa kumwahisha mama hospitali. Jambo hili linaniumiza, siwezi kulipitia juujuu.

Mayu naye usimwone mjinga wa hesabu. Mwezi mmoja wa angani una siku 29 na nusu. Mbalamwezi tisa ni karibu siku 266, na hizo ndizo siku ambazo kwa kawaida mtoto hukaa tumboni tangu mimba ilipotungwa. Bibi zetu wa kandokando ya ziwa walijua hilo kabla ya kadi za kliniki kufika. Alipokosea ni mwanzo tu: ameanzia usiku ambao mwanawe alishuka kwenye mtumbwi, na yai lako halikuwa limetoka bado. Ukianzia tarehe 1 Julai, siku 266 zinaishia tarehe 24 Machi. Ni jana.

Ile ultrasaundi ya mwezi wa pili iweke kando kwenye suala la tarehe. Ultrasaundi hukadiria umri kwa kupima ukubwa wa mtoto. Kabla ya wiki ya 14 watoto karibu wote hulingana, kosa lake huwa ni siku chache. Mimba ikifika mwezi wa nane watoto wameshaachana kama watoto wa darasa moja, huyu mrefu, yule mfupi, na kosa linaweza kufika wiki tatu. Tena kuna hatari iliyojificha: mtoto asiyekua vizuri tumboni huonekana kwenye kipimo cha mwishoni kama mtoto mwenye umri mdogo. Ukisubiri tarehe 3 Aprili kwa kuamini karatasi ile, unaweza kuwa unamsubirisha mtoto ambaye ameshaanza kupungukiwa. Mwonyeshe daktari karatasi hiyo. Kuitumia kama kalenda, hapana.

Kwa hiyo kwa kadi una wiki 41 na siku moja. Kwa mzunguko wako halisi huenda una wiki 40 na siku moja. Mwambie daktari habari ya wiki tano, neno kwa neno kama ulivyoniambia, maana inaweza kubadili uamuzi wake. Akikuta moyo wa mtoto unapiga vizuri na maji yanatosha, anaweza kusema msubiri kidogo huku akikuangalia kwa karibu. Anaweza pia kusema tuanze leo. Uamuzi huo ni wa mtu aliyekushika tumbo, si wangu mimi niliyeko mbali, na si wa sufuria iliyoko jikoni.

Utajiuliza kwa nini wiki moja tu iwe na kelele nyingi hivi, wakati watoto wanaozaliwa siku ileile iliyoandikwa ni kama wanne au watano katika mia, na wa mimba ya kwanza mara nyingi hupitiliza siku kadhaa. Kupitiliza siku chache si ugonjwa. Tatizo ni kwamba kondo la nyuma lina muda wake. Baada ya wiki ya 41 kwa baadhi ya akina mama huanza kuchoka: chakula na hewa vinavyomfikia mtoto hupungua, maji ya uzazi hupungua, kamba ya kitovu hukosa nafasi na inaweza kubanwa. Mtoto akibanwa anaweza kujisaidia ndani ya maji na kuyavuta kifuani. Wengi hupona, lakini hatari ya mtoto kufia tumboni, ingawa ni ndogo, hupanda kila wiki inayoongezeka. Kule Sweden, kati ya 2016 na 2018, wanawake 2,760 waligawanywa makundi mawili: wengine waanzishiwe uchungu wiki ya 41, wengine wasubiri hadi ya 42. Waliosubiri walipoteza watoto sita. Walioanzishiwa hawakupoteza hata mmoja. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Na hiyo ni nchi yenye mashine kila kona. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mwanamke ambaye ni hakika amefikisha wiki 41 aanzishiwe uchungu.

Kisu sasa. Tafiti nyingi zilizowafuata maelfu ya wanawake zimeonyesha kwamba kuanzishiwa uchungu mimba ikiwa imepitiliza hakuongezi operesheni, na pengine kunazipunguza kidogo. Najua unachokiona mtaani: fulani aliwekewa dripu, akaishia chumba cha upasuaji. Mara nyingi fulani huyo alichelewa kufika na mtoto alikuwa ameshachoka.

Watakachofanya ni hiki. Watapima presha na mkojo, watasikiliza moyo wa mtoto, pengine watapiga ultrasaundi kuangalia maji. Kwa kazi hiyo ultrasaundi ni nzuri hata sasa. Kisha mkunga atapima mlango wa kizazi kwa vidole. Ukiwa umeanza kulainika, anaweza kuutenganisha utando na ukuta wa kizazi kwa kuzungusha kidole. Inauma kidogo, unaweza kutoka ute wenye damu, na mara nyingine hilo peke yake huamsha uchungu ndani ya siku mbili. Ukiwa bado mgumu, wataulainisha kwa dawa ya misoprostoli au kwa mpira mwembamba wenye puto dogo la maji, ambao hudondoka wenyewe njia ikianza kufunguka. Dripu huja baadaye, ikihitajika, na huongezwa polepole mtu akiwa anahesabu jinsi tumbo linavyokaza. Kwa mimba ya kwanza kazi hii inaweza kuchukua siku nzima, hata mbili. Nakwambia mapema ili kesho asubuhi usikate tamaa ukidhani dawa imegoma.

Vidonge vya duka la dawa usivisogelee. Dawa ni hiyohiyo misoprostoli, lakini kidonge kinachouzwa huwa na mikrogramu 200, na kipimo cha kuanzisha uchungu kwa mtoto aliye hai ni mikrogramu 25. Ni sehemu moja ya nane ya kidonge! Anayeweka kidonge kizima nyumbani anaweza kupasua mji wa mimba.

Mizizi ya mayu ina shida hiyohiyo, kwamba hakuna anayejua kipimo. Sisemi haifanyi kazi. Baadhi ya dawa hizi hufanya kazi kweli, hukaza kizazi kama dripu ya uchungu, tofauti ni kwamba dripu unaweza kuifunga na kikombe ulichokwisha kunywa huwezi. Kizazi kinapaswa kukaza kisha kiachie, kwa sababu mtoto hupata hewa kinapoachia. Nilimpokea binti mmoja zamani, mimba ya kwanza kama wewe, siku ya tisa baada ya tarehe yake. Tumbo lilikuwa gumu kama jiwe na haliachii, maji yanatoka ya kijani. Mama yake mzazi alikuwa nje kwenye benchi ameshika chupa ya dawa, anatuomba tumwongezee mwanawe kidogo amalizie. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekesha siku mbili akimwombea. Mtoto hatukumpata, na mama yule nilimkumbatia mpaka kukakucha, sikuweza kumwambia neno.

Mafuta ya nyonyo nayo, kama kuna aliyekutajia, yatakuharisha na kukumaliza nguvu utakazozihitaji. Mlenda na tangawizi ni chakula tu, kula. Kutembea ni kuzuri.

Mayu asibaki nyumbani na sufuria yake. Mwombe aje akae nawe hospitali, umwambie kwamba unahitaji mkono wake mgongoni kuliko unavyohitaji mizizi. Mama aliyezaa saba anajua kumtuliza anayezaa wa kwanza, na uchungu wenye mtu wa kukushika hupungua urefu. Kama ulikunywa hata kikombe kimoja kabla hatujazungumza, mwambie mkunga. Atakaripia pengine, vumilia, lakini ni lazima ajue kabla hajakuwekea dawa yake juu ya ile.

Mkobani kuna kadi, khanga za kutosha, mpira wa kulalia, gluvu, pamba, beseni na nauli ya dharura. Wakikuruhusu urudi nyumbani kusubiri, rudi ukiwa na tarehe ya kuonana nao iliyoandikwa, na isipite siku mbili au tatu. Ukiwa nyumbani, chupa ikipasuka, maji yakiwa ya kijani, damu ikitoka, kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu, au mtoto akipunguza tena, huo si wakati wa kungoja daladala la asubuhi kutoka Igombe wala kupanda bodaboda kwenye tope la masika. Piga 115, ni bure, ndiyo namba ya mfumo wa m-mama wa kusafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura. Mfumo huo ulianzia kanda yetu hii ya ziwa.

Mumeo uliniambia kwa simu kwamba alikuwa amelala, amerudi alfajiri kutoka ziwani, na uliogopa kumwamsha. Nilikuomba umwamshe. Kama alikusindikiza, mpe simu asome kuanzia pale nilipoandika tarehe 10 Juni. Usimsomee wewe. Mwache asome mwenyewe, taratibu, mpaka tarehe 1 Julai.